Viazi Vinne

Diodi ya kwanza niliiua mimi.
Niliishika miguu, mrefu kwa chanya, mfupi kwa hasi,
kama Tumpe alivyoagiza,
nikaibandika moja kwa moja kwenye betri ya volti tisa.
Ikang'aa. Nikasema, ee!
Kabla sijafunga mdomo ikatoa harufu ya ukucha ulioungua,
ikanyamaza.

"Shangazi, umeinywesha ndoo nzima kwa pumzi moja,"
akacheka mtoto wa kaka yangu,
miaka kumi na tisa, yuko likizo ya VETA,
ana mfuko wa vidude alivyovinunua Mwanjelwa,
vimeng'olewa kwenye redio zilizokufa.
Mimi hamsini na mitatu.
Kucha zina udongo wa Isyonje usiotoka hata kwa sabuni ya mche,
gunia nalipima kwa jicho,
lumbesa nimeililia misimu ishirini na sita,
leo nasomeshwa mistari ya rangi
kwenye kitu kisichozidi punje ya mchele.

Njano, zambarau, kahawia.
Nne, saba, na sifuri moja.
Tumpe ana kibwagizo chake cha darasani, hakikunikaa.
Nikajitungia changu:
ua la boga, ua la kiazi, udongo.
Ndiyo rezista ya kwanza niliyoijua kwa jina la kwetu.

Nje ukungu umekaa juu ya pareto kama mgeni asiyeaga.
Ng'ombe anakohoa. Umeme umekatika tangu jana saa kumi,
nasi mezani, kwa mwanga wa simu,
tunauuliza waya: unakwenda wapi?

Hapo ndipo nilipokwama siku tatu.
Nilidhani moto unatoka kwenye betri,
unafika kwenye taa, unaliwa, basi,
kama ugali.
"Hauliwi," akasema. "Unapita, unafanya kazi, unarudi kwao.
Ukikosa njia ya kurudi, hauondoki kabisa."

Nikauweka waya chini.
Lusajo wangu aliondoka kwenda Chunya, machimboni,
mwaka ule wa mvua nyingi,
na njia ya kurudi ipo, tena ina lami.
Hilo sikumwambia Tumpe. Nilisema tu,
"Saketi yenu hiyo wakati mwingine inadanganya."
Akaniangalia. Akanipa mita.

Mita naipenda.
Haina shemeji, haina dalali,
hakuna anayeishindilia akaivisha kilemba.
Iguse waya mzima, inalia pii.
Iguse uliokatika, kimya.
Nikaizungusha nyumba nzima:
kijiko, pii. Jembe, pii.
Msalaba wa marehemu mama, pii.
Kidole changu, kimya.
Nikarudia kidole.

Usiku wa jana betri ilikwisha.
Duka la Mwakalinga limefungwa, na mvua ile!
Tumpe akasema, lete viazi.
Nikavichagua kama ninayechagua mbegu,
akacheka, nikaendelea kuchagua.
Misumari ya bati, vipande vya waya wa shaba,
shaba ya huyu kwa msumari wa yule,
vinne kwa mstari mmoja.
Mita ikasema tatu nukta nne.
Nikaulizia rezista.
"Ya nini? Viazi vyenyewe vivivu."
Nikachomeka diodi nyekundu.
Hakuna kitu.
"Zima simu, shangazi."
Nikazima.
Tukangoja macho yazoee giza.

Kikatokea kidogo, chekundu,
kama kaa la mwisho chini ya jivu,
hakikuonyesha hata mkono ulioshika waya.
Tumpe akapiga makofi.
Mimi sikupiga. Niliinama karibu kabisa,
nikakaa hivyo mpaka kiuno kikaanza kulalamika.

Asubuhi nilivikuta na madoa meusi kuzunguka shaba.
Nikavifukia mbali, ng'ombe asije akavila,
nikaitazama barabara kidogo,
kisha nikafungua daftari la madeni,
na chini ya jina la dalali wa Tunduma
nikaandika:
viazi vinne, matumizi ya taa.